Adaptateri Tatu za Guy

Mama alikuwa amefumba macho, masikio yake yamefunikwa na ekuteri kubwa za kaka yangu Guy. Mezani, chini ya kitambaa, zililala adaptateri tatu, zimefichwa ili Mama asijue anasikiliza kwa ipi. Guy alimgusa bega kumuuliza: hii? Mama akatikisa kichwa. Guy akachomoa, akachomeka nyingine, akarudisha wimbo mwanzo. Mtu angepita mlangoni kwetu, pale mjini Mweso, angedhani tunacheza.

Hatukuwa tunacheza. Mdogo wetu Habineza alikuwa amekwenda Pinga kufuata mafuta ya mawese, vita vikafunga njia nyuma yake, na simu yake ikanyamaza. Miezi ikapita. Ndipo ujumbe wa sauti ukaingia katika simu ya Mama kutoka namba tusiyoijua. Kijana alikuwa anasema chini ya bati, mvua inanyesha juu yake:

"Mama, njo mimi. Niko Pinga, niko mugonjwa sana. Simu hii iko ya muntu. Mutume muntu wa pikipiki anikamate, anilete nyumbani."

Halafu kulikuwa na maneno mengine ambayo mvua iliyameza. Jina hakulitaja. Nani hujitaja jina kwa mama yake?

Tulipiga namba ile mpaka vidole vikachoka. Imezimwa. Mama alisema ni Habineza, halafu akasema labda si yeye, halafu akalia. Simu yake, ambayo mama mdogo Olga alimtumia kutoka Goma, ilikuwa nzuri kwa kutazama, lakini spika yake ilitoa mvua tupu, na tundu la ekuteri haikuwa nalo. Simu za siku hizi zimezibwa tundu hilo. Ukitaka kuvaa ekuteri lazima uchomeke adaptateri, kile kiwaya kifupi cha kuunganishia, pale pa kuchajia.

Guy alikuwa fundi wa simu sokoni, na aliipenda kazi yake kuliko alivyopenda kula. "Kabla sijaenda Pinga," alisema, "tujue kwanza kama iko yeye. Batu wanaitisha wengine na sauti za bagonjwa, na kule ku barabara unangojewa." Hakusema uongo. Tulimjua mtu aliyefuata sauti namna hiyo na hakurudi. Mama alikuwa na watoto wawili wa kiume, na asingeweza kumtuma mmoja kumtafuta mwingine kwa kubahatisha. Kwa hiyo hatukujibu ile sauti. Utamjibu nini mtu ambaye hujajua ni wa nani?

Basi Guy akaanza vipimo. Adaptateri nyeupe ilikuja na simu, nyeusi aliinunua sokoni, na ya tatu, yenye waya wa kufumwa, aliachiwa na mteja ambaye hakurudi kuichukua. Kila moja aliiunganisha na kompyuta yake ya zamani, akapitisha mlio mmoja mrefu usiobadilika, kisha akatazama mstari kwenye kioo. Chini ya mstari kulikuwa na alama fupifupi alizoziita nyasi. Nyasi zikiwa nyingi, adaptateri inaongeza makelele yake yenyewe. Nyeupe ilikuwa na nyasi za kulisha ng'ombe. Nyeusi ilikuwa na nguvu kuliko zote, lakini mlio ukipanda juu iliupinda. Ya waya wa kufumwa ilikuwa safi, ila sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kamata ile ya safi, tusikilize, tumalize," nilimwambia.

"Umuhoza, haraka haina baraka. Mashine haisikii kama sikio la Mama."

Hapo mvua ikakaa juu ya milima, paneli ya jua ikakosa nguvu, na kompyuta ikazimika katikati ya kazi. Guy akangoja jua. Likitoka, anaanza upya. Nilimtania kwamba atazipima mpaka ziote ndevu. Nilicheka kweli siku hiyo, na kicheko kile nakikumbuka kwa uchungu.

Ilipofika zamu ya masikio, alitafuta wimbo wa kwaya uliorekodiwa zamani Nyabiondo, kabla hatujakimbia, ambamo Habineza aliimba sauti ya chini nyuma ya wenzake. Adaptateri itakayomwezesha Mama kumtoa mwanawe katikati ya kwaya nzima, ndiyo tutakayoiamini. Alisawazisha ukubwa wa sauti ya zote tatu kwanza, kwa sababu, alivyosema, sauti kubwa hudanganya, mtu huidhani nzuri. Kisha akazifunika.

Kwa ile ya kwanza Mama alisikia kwaya tu. Ya pili akasema labda. Ya tatu, mkono wake ukainuka wenyewe na kuanza kufuata wimbo, ukishuka kila Habineza aliposhuka. Machozi yakamtiririka. Guy akafunua kitambaa. Ilikuwa ile ya waya wa kufumwa. Kipimo na sikio vilikuwa vimekubaliana, na Guy akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mdogo wetu apotee.

Ndipo akamwekea ile sauti ya Pinga.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akavua ekuteri, akaziweka mezani polepole.

"Haiko Habineza," alisema. "Habineza hapumuwi vile."

Nitasema lililotokea, maana hakuna aliyelisema siku ile: tulifurahi. Guy hakuwa na safari tena. Habineza hakuwa mgonjwa, au angalau hatukuwa na sauti ya kutuambia kwamba ni mgonjwa. Mama alipika maharage na ndizi, tukala, tukaongea mambo ya shamba. Simu ililala juu ya kabati na yule kijana ndani yake.

Kwetu kitu kilichopotea njia hutangazwa kanisani baada ya ibada. Mbuzi wa mtu akionekana shambani kwako, unasimama, unasema. Na sauti pia, siku hizi. Lakini huwezi kutangaza unachodhani ni chako, na kilipoacha kuwa chetu tulikuwa tumeshachoka nacho. Ni Mama aliyekirudia, baada ya siku kadhaa. Alivaa ekuteri akiwa anachambua maharage, akaacha kuchambua.

"Mulisikia ya mwisho?" akatuuliza. "Anasema, Mama, mukichelewa mujue sikukasirika."

Hatukuwa tumeyasikia. Tulikuwa tunasikiliza kama ni yeye.

Jumapili Mama alisimama kanisani, akaitangaza ile sauti. Aliyemfuata nyumbani alikuwa mwanamke mwembamba kutoka kambi ya wakimbizi, aitwaye Nyiransengimana. Guy akampa ekuteri na adaptateri bora. Akazikataa. Alitaka simu tu, na spika yake mbaya na mvua yake yote, na neno la kwanza halikuwa limeisha alipoanza kuitika: "Ee, mwanangu. Ee." Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Guy akapiga ile namba. Siku hiyo ikaita. Mwenye simu alikuwa mzee wa Pinga aliyepanda mlimani kutafuta mtandao.

"Yule kijana?" akasema. "Tulimuzika. Kila asubuhi alikuwa ananiuliza kama mama yake alijibu. Nikamwambia bado, iko mvua."

Nyiransengimana hakupiga yowe. Alimtazama Mama na kumuuliza kwa adabu, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani:

"Mama, muko nayo tangu siku gani?"

Guy alitazama meza yake. Ni Mama aliyejibu, na hakupunguza hata siku moja. Yule mwanamke akaitika kwa kichwa, akafunga vizuri kitenge chake, akatushukuru kwa kumtangazia, akaenda zake. Laiti angetutukana.

Habineza hajarudi mpaka leo. Guy bado anatengeneza simu, lakini hapimi tena adaptateri. Mteja akiuliza ipi ni nzuri, anamwambia achukue yoyote. Na Mama hujibu kila sauti inayoingia kwenye simu yake, hata za waliokosea namba, hata za wanaouza dawa za nywele. Hushika kitufe cha kurekodi na kusema: "Nimekusikia, mutoto wangu. Siko mama yako, lakini nimekusikia. Niambie jina, nikutafutie mama."

Olga alipotutembelea alimcheka, akamwambia anamaliza megabaiti kwa wajinga. Mama hakukasirika.

"Sauti ya Habineza nayo itakuwa ilifika kwa muntu," alisema. "Labda waliisikiliza muzuri, wakakuta haiko wa kwao."