Kanyaga Mara Mbili

...na mguu wangu ukakanyaga mara mbili tena, sijauambia, gari likagota papo hapo mbele ya geti la reli, shingo ya mama ikaenda mbele ikarudi, miwani myeusi aliyopewa kliniki ikamteleza hadi ncha ya pua, akairudisha kwa kidole kimoja na kuniuliza kwa upole, upole wake ule unaouma kuliko makofi, "Mwanangu, mbona unakanyaga mara mbili?" nami nikasema breki za gari jipya ni kali mama, sijazizoea bado, na si uongo, ni kali kweli, hili ni toleo jipya la gari lilelile nililokuwa nalo, jina moja, udogo uleule, ila wamelibadilisha kila kitu, taa zilizokuwa duara kama macho ya mtu aliyeshangaa sasa zimefinywa kama ya mtu anayekushuku, ufunguo hakuna, ni kitufe, hendibreki hakuna, ni kitufe, hata simu yangu ikiwa ndani ya mkoba gari linaidaka na kuifanya yake, na ukisimama tu injini inajizima yenyewe kuokoa mafuta, kama sasa, imejizima, kimya kimetuangukia mimi na mama, nje kengele ya geti inalia na treni yenyewe haionekani... mara mbili, leo siku ya tisa tangu nilichukue na siku zote tisa nimekuwa nikijiambia ni ukali wa breki, ni mguu mgeni, mpaka mama ambaye leo haoni hata ncha ya vidole vyake, maana daktari amemtia dawa ya kupanua mboni, amekiona kwa shingo nilichoshindwa kukiona kwa macho yangu mawili mazima, kwamba hakuna mtu anayekanyaga mara mbili kwa sababu breki ni kali, breki kali unaigusa tu imeshika, mara mbili ni za breki iliyochoka, ile ya kwanza inazama hadi sakafuni kama mguu kwenye tope, ya pili ndiyo inayoshika, na hivyo ndivyo lilivyo gari langu la zamani, na gari langu la zamani analo mdogo wangu.

Saa kwenye skrini, tarakimu za buluu kubwa kama za matangazo, inaonyesha kumi na mbili na hamsini na moja, saa saba kasoro dakika tisa, na saa saba mdogo wangu anashuka, mama mwenyewe ameniambia kliniki kwa furaha, wajukuu wanakuja kula mchana, mdogo wako anawaleta mwenyewe, mume wake yuko zamu, leo ndiyo mara yake ya kwanza kushuka na gari, ameniuliza nipike nini, na mimi nikaitikia eeh, eeh, nikisoma karatasi ya matone ya macho, mara ngapi kwa siku, eeh... anakaa juu kabisa, kwenye matangi ya maji, na wiki nzima hii amezunguka hukohuko juu, shule na dukani, kote tambarare, huko hata breki mbovu inakuvumilia, ukiachia mafuta gari linasimama lenyewe, ila kutoka juu hadi kwa mama njia ni moja, mteremko wenye kona sita, na pale unapoishia ndipo soko lilipo, Jumamosi watu wamejaa barabarani kama hawana habari kwamba kuna magari duniani, naye atakanyaga mara moja, kwa nini akanyage mara mbili, nani amemwambia, atakanyaga mara moja kama binadamu yeyote, na watoto wako nyuma.

Nilisahau, ndivyo ilivyokuwa, nilisahau, mguu ulishalizoea lile gari ukaacha kunishauri, miaka mitatu, pwa-pwa, hata nikiwa nafikiria mambo mengine, hata nikiimba, mtu anasahau, na fundi alisema nini hasa, alikuwa amelala chini ya gari nikaona viatu vyake tu, akasema dada hii pampu ya breki inavujia ndani kwa ndani, leo haitakuua, wewe ukiliendesha mtasikilizana, lakini usimpe mtu mwingine hili gari kabla hujabadilisha, nikamwambia mwezi ujao, na mwezi ujao ukawa miaka mitatu, naye fundi akahama na viatu vyake... usimpe mtu mwingine, alisema hivyo, maneno yenyewe ninayo kichwani kama lebo ya chupa, mimi ambaye kazi yangu kutwa kucha ni kusimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa nikiwaambia watu usimeze na maziwa, usimpe mtoto, usiendeshe gari ukishameza hii, narudia hata kwa wanaonuna, hakuna aliyewahi kutoka dukani kwangu na dawa bila onyo lake, nilisahau, basi nilisahau...

Mtu wa pikipiki amesimama ubavuni, kreti la mikate nyuma, anainama anachungulia, anagonga kioo, ninakishusha, anauliza hii ndiyo ile mpya, ninasema ndiyo, anauliza inakula mafuta sana, ninasema hapana haili, anasema ila ile ya zamani ilikuwa na sura nzuri zaidi, na mama anacheka, anasema ile ya zamani tumempa mdogo wake, haijatoka nje ya familia, na mtu wa mikate anasema safi sana dada, una moyo, na mimi ninapandisha kioo taratibu, una moyo, hivyohivyo ndivyo alivyosema shemeji siku ya kukabidhiana, uani kwa mama, akilizunguka gari mikono nyuma kama mkaguzi, akipiga matairi mateke ambayo hayana maana yoyote, akasema hili ni gari la mtu mmoja mwangalifu, limetunzwa, dada yako ana moyo, na mama akasema huyu tangu mdogo vitu vyake hudumu, na mdogo wangu amesimama na ufunguo kiganjani kama amepewa nyumba, akaniuliza, "Dada, kuna kitu cha kujua?" na nikamwonyesha, nikamwonyesha kila kitu, mlango wa nyuma kushoto, uinue kidogo halafu ubamize, mara mbili, wala usiuonee huruma, redio ukiigonga upande inarudi, kioo cha abiria kisaidie kwa kiganja, buti lina ukorofi wake, na tukacheka wote, na kisha... kisha nilinyamaza, kulikuwa na nafasi pale, nafasi ya neno moja kabisa, mdogo wangu bado ananitazama akingoja, mama anatabasamu, shemeji amesimama na ile sura yake ya kujua yote, na neno likanifika hapa, kooni, nikalimeza.

Basi sikusahau. Mungu wangu, sikusahau. Kengele ya geti inalia kana kwamba mtu anahesabu kwa sauti, kumi na mbili na hamsini na tatu, mama anapapasa dashibodi mpya, anasema ni laini, inanukia duka, na mimi jasho linanitiririka mgongoni na baridi ya kiyoyozi hii, kwa nini nililimeza, kwa sababu ningesema breki wangeniuliza umeijua lini, na ningesema miaka mitatu sura zao zingebadilika, na sifa zile, limetunzwa, una moyo, zingeondoka pale pale kabla sijazishiba, mimi nilitaka kutoa kitu kizuri, mara moja tu maishani nimpe mdogo wangu kitu kisicho na kasoro, maana utoto mzima alivaa mabaki yangu, gauni langu likipasuka linashonwa ndipo liwe lake, daftari langu likibaki kurasa tano ndipo liwe lake, na vile viatu... hapana, si sasa, vile viatu vyeusi vya shule, vyenye msumari uliochomoza kwenye soli ya kulia, nilikuwa nimejifunza kutembea nikilalia upande wa nje wa mguu, muhula mzima, hata nikasahau kwamba natembea upande, vikawa vyake, akatembea navyo wiki nzima hajasema kitu kwa sababu aliogopa ataambiwa hana shukrani, hadi mama alipoona soksi imeganda damu, akatuita wote wawili jikoni, akainua kiatu juu, akaingiza kidole ndani, akaniuliza ulijua, nami nikasema nilisahau, nikasema kwa sauti nzuri kabisa, safi, na mama akaniamini, na mdogo wangu, miaka saba yake, akanitazama tu, mguu uko kwenye beseni la maji ya chumvi, akasema haukuuma sana dada.

Na Jumanne. Usijitie hamnazo, kumbuka na Jumanne. Jumanne alinipigia simu nikiwa kazini, nina mteja mbele yangu, akasema dada gari lako tamu, limenizoea, halafu akasema na breki zake ni laini, zinazama kama mto wa kulalia, nikacheka, nikasema ndiyo, ndivyo zilivyo, nikakata simu nikamwambia mteja vidonge hivi umeze baada ya kula, usisahau... laini, alinipa nafasi ya pili mwenyewe, mkononi, bila kujua, na nikacheka, ule ndio ubaya wenyewe, si pampu.

Treni imetokea, ya mizigo, kichwa chake kinapita polepole kama hakina pa kwenda, behewa, behewa, sakafu ya gari inatetemeka chini ya viatu vyangu, kumi na mbili na hamsini na nne, nimwandikie ujumbe, nenda taratibu barabara ina utelezi, ila jua linawaka hata mbuzi angenicheka, na utaratibu haumsaidii mtu kwenye kona ya tano, au nimwambie asije leo, mama amechoka, mama anataka kulala, lakini mama yuko hapa na masikio yake ni mazima kuliko yangu, na nikipiga simu ndani ya gari hili hakuna siri, spika sita, ndicho alichonisifia muuzaji, sauti inatoka kila upande, nishuke basi nikapigie nje, kando ya pikipiki, ila nikishuka gari litaanza kupiga kelele, mlango wazi, mlango wazi, na mama atauliza, na hata nikishuka nitamwambia nini, nitasema samahani kuna kitu nilisahau, ndivyo nitakavyosema, najijua, neno lenyewe liko tayari mdomoni limeshalowa mate, nitasema nilisahau na ataniamini au atajifanya ameniamini, atasema haina neno dada, na mama hatajua, na sifa zangu zitabaki kabatini zimekunjwa vizuri... nimpigie shemeji, ampigie yeye, hapana, yuko zamu, simu yake iko kwenye kabati la kazini, unatafuta mtu wa kumsukumia, kumi na mbili na hamsini na tano, huwa anawahi, Mungu wangu, mdogo wangu siku zote huwa anawahi, tangu shule, akiambiwa saa saba anatoka kabla.

"Moyo wako unakwenda mbio," mama anasema, mkono wake uko juu ya mkono wangu kwenye usukani, sijui ameuweka saa ngapi, "nausikia hadi hapa. Ni zile breki?" Ninatazama kitufe cha simu kwenye usukani, kitufe kidogo chenye alama ya kijani, siku tisa nimekuwa nikikibonyeza kwa kujidai ili abiria waone, na kidole gumba hiki hiki kinakataa kama cha mtu mwingine, bonyeza, soksi ile ilikuwa nyeupe, bonyeza, nikabonyeza, na skrini ikaandika Mdogo Wangu kwa herufi kubwa kiasi kwamba hata macho ya mama ya leo yalizisoma, na mlio ukajaa gari zima, mbele na nyuma.

"Mbona unampigia, si tunakutana naye nyumbani?"

"Sikiliza na wewe, mama."

Unaita, unaita, pokea mdogo wangu, behewa la mafuta, behewa la mbao, na kama ameshatoka na sasa anahangaika kuitafuta simu kwenye mkoba huku kona ya pili inakuja, ni mimi tena nitakayekuwa nimemwua, mara mbili, pwa-pwa, unaita, pokea, usipokee, pokea...

"Dada," akasema, anahema, na nyuma ya sauti yake nikausikia, mlango wa nyuma kushoto, uinue kidogo halafu ubamize, mara moja haukushika, mara ya pili ukashika, na watoto wanagombania nani akae dirishani, "ndiyo tunatoka hivi, mwambie mama nimemletea..."

"Usiliondoe gari."

"Nimeshaliwasha."

"Lizime. Washushe watoto."

Injini ikazimika, ile injini ningeitambua hata usingizini, ilikohoa kidogo kama kawaida yake, kisha akauliza taratibu kuna nini dada, na neno likaja, jepesi, safi, lenye sauti nzuri, nilisahau, likakaa kabisa kwenye ncha ya ulimi, na kando yangu mama amevua miwani myeusi, amenigeuzia macho yaliyojaa mboni tupu, hayanioni na yananiangalia, kidole chake kimoja kimenyooka juu ya paja kama bado kimo ndani ya kile kiatu.

"Breki ni mbovu," nikasema. "Ukikanyaga mara moja haishiki. Niliambiwa na fundi miaka mitatu iliyopita. Siku ile uliponiuliza nilikuwa najua, na Jumanne nilikuwa najua."

Kwenye spika nikasikia mlango wa nyuma kushoto ukifunguka, watoto wakishuka, treni bado inapita, geti bado liko chini, mtu wa mikate anapangusa kioo chake kwa mkono wa shati, na mguu wangu uko palepale ulipokuwa, umekanyaga mara moja.