Nati Nyuma ya Friji

Asubuhi Mama Pacha alikanyaga tena maji jikoni. Juzi alideki, leo anadeki, na wote walioyasababisha walikuwa wamelala fofofo.

Friji lilikuwa la kisasa, unasukuma glasi mlangoni maji baridi yanashuka. Wifi yake alishawatangazia watu kuwa lile ni pambo tu, na alasiri hiyo alikuwa analeta wakwe zake walione.

Fundi bomba aliyeliunganisha akaitwa, akajipenyeza nyuma ya friji, akatoka na nati ya plastiki ya mpira wa maji, imepasuka.

"Nilisema hii inakazwa kwa mkono. Nani kaitia spana?"

Mama Pacha akamkazia mumewe macho.

"Niliongeza kidogo tu," mume akasema. "Kwa usalama."

"Mimi nikamalizia," shemeji akadakia, kikombe cha chai mkononi. "Kaka aliiacha legelege."

"Nyie hamna kazi nyingine?"

"Tunakusaidia, shemeji."

"Nisaidieni kwa kukaa mbali."

Fundi alifunga nati mpya kwa vidole, akafungua maji, akapitisha karatasi kwenye kiungo. Ikatoka kavu.

"Ndiyo ya mwisho niliyonayo," akasema. "Na madukani nimezikosa."

Hakuwa amefika hata barabarani, shemeji akaingia jikoni kutafuta kiberiti.

"Kiberiti kimehamia nyuma ya friji tangu lini?"

Shemeji akarudi kinyumenyume. Mara mume naye akaja, eti anataka chumvi, huku anachungulia ukutani. Mama Pacha akachoka nao. Alivuta kigoda, akakaa ubavuni mwa friji kama bawabu.

Wageni walimkuta hapo.

"Wifi, huinuki hata kutupokea?"

"Miguu, wifi yangu. Karibuni, jisikieni nyumbani."

Wifi akasukuma glasi. Maji yakashuka, meupe, ya baridi. Wakwe wakatikisa vichwa kwa kuridhika, na Mama Pacha akashusha pumzi aliyoibana tangu asubuhi.

Wifi akanywa, akajifuta mdomo, kisha akainama nyuma ya friji.

"Mbona hapa naona kama pamelegea? Hebu spana, niwakazie."

"Si ilikuwa hapa hapa mezani?" mume akasema, tayari anafungua droo.

"Hata mimi sijaiona," Mama Pacha akajibu.

Wakaitafuta jiko zima, wakwe nao wakisaidia. Yeye hakubanduka kigodani, chuma alichokificha chini ya kanga kikimchoma pajani, mpaka mgeni wa mwisho alipoaga.