Kumfunga Elinami

Zeenat Huzefa alikuwa na tabia moja iliyowachekesha wawekezaji wenzake wa Dar es Salaam. Kabla hajaweka fedha kwenye kampuni changa, alikwenda kwanza kushinda kwa mteja wa kampuni hiyo. Alibeba chupa yake ya chai, akatafuta kiti pembeni, akasubiri meneja atoke.

"Meneja akiwepo, kila mtu anautumia mfumo," alikuwa akisema. "Akishatoka ndiyo utajua. Wakirudi kwenye makaratasi, mimi naaga."

Alijifunza hayo katika miaka aliyouza mifumo ya kompyuta ya hesabu kwa mahoteli na viwanda, kabla hajashika fedha za mtu yeyote. Alikulia kwenye duka la vipuri la baba yake, karibu na soko kuu la Arusha, na kuuza alikujua. Lakini aliuza mifumo mingi ambayo mwaka mmoja baadaye aliikuta imefunikwa kitambaa. Alipopata wabia waliomkabidhi mfuko wa kuwekeza, hakutaka programu za kuagizia chakula wala za kuitia bodaboda. Alitaka mifumo ya maghala, ya mashamba, ya viwanda, vitu ambavyo hakuna anayevisimulia harusini. Aliingia mapema, kampuni ikiwa bado watu wawili na kompyuta moja. Na zaidi ya yote alimtazama mtu. Mfumo unaweza kuandikwa upya, alisema, mtu huwezi.

Elinami ndiye aliyekuwa mtu wake. Alikuwa Mmeru wa milimani juu ya Tengeru, mtoto wa wakulima wa kahawa na ndizi, na siku walipokutana alikuwa na hasira. Shehena ya njegere za wakulima wa Nduruma ilikuwa imekataliwa Ulaya kwa sababu hakuna aliyeweza kuonyesha zilitoka shamba gani. Basi akaandika mfumo unaolifuata kila kreti kutoka shambani mpaka kwenye ndege. Zeenat alikaa kwenye kiwanda cha kufungashia mboga, meneja akatoka, na wafanyakazi wakaendelea na mfumo kana kwamba hakuna kilichotokea. Wiki hiyohiyo akaandika mkataba.

Ndani ya mkataba aliweka kifungu alichowawekea waanzilishi wote: mwanzilishi akiondoka mapema, hisa zake zinarudi kwenye kampuni.

"Ni kawaida tu, mdogo wangu," alimwambia.

"Sawa, dada," Elinami alisema, akasaini bila kufungua ukurasa wa pili.

Kampuni ikakua. Wakapanga ofisi kata ya Themi, wakaajiri watu, na Sinyati, binti wa Monduli aliyekuwa mtulivu kuliko wote, akawekwa kusimamia wateja. Kampuni nyingine ambazo Zeenat aliweka fedha zilikufa moja baada ya nyingine, kama zinavyokufa kampuni changa, na wabia wakaanza kuuliza maswali. Uhai wa mfuko ulikuwa unaelekea ukingoni. Ikabaki kampuni ya Elinami peke yake. Ndipo kampuni kubwa ya Nairobi ikaleta barua ya kutaka kuinunua, kwa sharti moja: Elinami ahamie Nairobi na kuwafanyia kazi miaka mitatu. Bila yeye, hawanunui.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya kusaini. Jumatano asubuhi Zeenat alifika ofisini na kukuta kiti cha Elinami kitupu.

"Yuko wapi?"

Sinyati alisita. "Yuko kwa mama yake, dada. Hajaja tangu wiki iliyopita. Simu yake ipo kwenye droo, aliiacha."

"Na hukuniambia?"

"Aliniomba nisikwambie."

Zeenat alichukua mkataba wa mauzo, akawasha gari, akashika njia ya Tengeru. Mvua za masika zilikuwa zimekolea. Baada ya Tengeru aliacha lami akapanda na barabara ya udongo katikati ya migomba, akavuka kalavati ambalo maji yake yalikuwa yanapita juu, hadi kwenye nyumba ya bati jekundu iliyozungukwa na kahawa.

Elieshi, mama yake Elinami, alitoka na kanga kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu. Wewe ndiye Zeenat? Tunakutaja hapa kila tukisali."

Elinami alikuwa amekaa barazani, kandambili miguuni, ndevu hazijanyolewa. Alikuwa amekonda. Alisimama kwa heshima, akamsogezea kiti, na mama yake alipokwenda jikoni, akaanza kusema bila kuulizwa.

"Unakumbuka lile lori, dada?"

Zeenat alikumbuka. Mwaka uliopita mfumo ulikuwa umegoma jioni moja kiwandani. Lebo hazikuchapwa, lori likachelewa uwanja wa ndege, na njegere zote zikaishia kulishwa ng'ombe. Kampuni iliomba radhi, hitilafu ikarekebishwa, na kwa Zeenat mambo yakawa yameisha.

"Walikuja ofisini," Elinami alisema. "Wakulima. Hawakugomba. Mzee mmoja alinitazama tu, akaniuliza, 'Wewe ndiye Elinami?' Nikasema ndiyo. Akaitikia kwa kichwa, wakaondoka. Tangu siku hiyo sina usingizi. Simu ikiita, mwili wote unatetemeka. Nikiwa naoga nasikia inaita, na haiiti. Dada, mimi nimekwisha."

"Umechoka," Zeenat alisema. "Kila mwanzilishi huchoka."

"Nairobi itakuwa hivyohivyo, na viwanda vitakuwa vingi zaidi."

"Utakuwa na watu wa kukusaidia." Alijisikia akizungumza haraka, kama enzi za kuuza mifumo. Akapunguza mwendo. "Usiposaini, hawanunui. Mfuko unafungwa, na hakuna mwingine wa kuweka fedha. Sinyati na wenzake watakwenda wapi? Na wewe ukiondoka, kile kifungu..."

"Nakijua. Nilikisoma wiki iliyopita." Hakusema kwa uchungu. Akamgeukia. "Mimi siwezi kuamua tena, dada. Akili haifanyi kazi. Wewe hujawahi kuniongoza vibaya. Ukiniambia nisaini, nitasaini. Ukiniambia niache, nitaacha. Wewe sema."

Zeenat angependa Elinami abishe, apige meza, amtukane hata. Mtu anayebisha ungeweza kumshinda kwa hoja ukaenda zako. Huyu alikuwa amejiweka mikononi mwake kama mtoto, na Zeenat hakujua mahali pa kumweka. Akawafikiria wabia, na zile kampuni zilizokufa. Akajiambia kwamba miaka mitatu si mingi.

"Saini," alisema.

Elinami alisaini palepale, karatasi ikiwa juu ya goti. Zeenat aliutia mkataba mkobani, akaaga, akaingia ndani ya gari. Hakufika mbali. Watu walikuwa wamesimama kando ya barabara wakipunga mikono: kalavati lilikuwa limekwenda na maji. Mahali pa barabara palikuwa na korongo jekundu linalonguruma, na hakukuwa na njia nyingine ya gari.

"Leo hupiti, mama," kijana mmoja alimwambia. "Na kesho sidhani."

Akarudi kwa Elieshi, viatu vimejaa tope.

Mama yule alifurahi kama aliyeletewa zawadi. Alimpa kitanda chake mwenyewe, akamkatalia kuosha hata kikombe. "Nyama sikupikii," alisema, "maana sina wa kunichinjia kwa desturi yenu ya Kiislamu. Nimekutengenezea loshoro." Zeenat alikula mahindi yale na maziwa ya mgando kwa adabu, akamaliza bakuli.

Asubuhi mvua ilikuwa bado inanyesha. Zeenat alitoka barazani akamkuta Elinami amenyoa ndevu. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, suruali ya ofisini, na viatu vyeusi vilivyofungwa kamba. Begi lilikuwa miguuni pake. Alikaa wima, mikono juu ya magoti.

"Unakwenda wapi na mvua hii?"

"Siendi. Nasubiri tu."

"Unasubiri nini?"

"Barabara."

Alikaa hivyo asubuhi nzima. Mama yake alimletea chai, ikapoa. Jirani alipita kuomba jembe, Elinami akamsalimia vizuri, akacheka hata, na jirani alipoondoka uso wake ukarudi kama ulivyokuwa. Kulikuwa na mahali ambapo Zeenat alikuwa ameuona uso ule: kituo cha polisi, siku alipokwenda kumwekea dhamana dereva wa baba yake. Kwenye benchi palikuwa na mtu amekaa vilevile, amevaa vizuri, anasubiri kuitwa.

Alijaribu kuondoka barazani lakini hakukuwa na pa kwenda. Chumbani palikuwa na giza na harufu ya moshi. Jikoni alikuwapo Elieshi. Nje mvua. Kila alipogeuka alimwona Elinami na viatu vyake. Lau barabara ingekuwapo, angekuwa ofisini kwake sasa, mkataba mezani, na picha ya mwisho ya Elinami ingekuwa ya kijana aliyesaini bila ubishi.

Elieshi alimshika mkono jikoni, machozi yakimlengalenga.

"Mwanangu, Mungu akubariki. Wiki nzima huyu hajaoga. Hajala. Nilimwita mchungaji aje amwombee, hakutaka hata kumwona. Umekuja wewe mara moja tu, tazama! Ameamka alfajiri, amejipigia pasi mwenyewe. Umenirudishia mtoto."

Zeenat akauliza, "Mtandao unapatikana wapi huku?"

"Juu kanisani. Lakini utalowa."

Alipanda. Njia ilikuwa utelezi mtupu, akaanguka mara mbili, akashikilia migomba. Kwenye uwanja wa kanisa la Walutheri simu ilipata nguvu, akampigia Sahil, mwakilishi wa kampuni ya Nairobi, aliyekuwa ameshafika hotelini mjini.

"Elinami haji Nairobi," alimwambia. "Ni mgonjwa, na hata akipona hatakuja."

"Amekataa kusaini?"

"Amesaini. Karatasi ninayo. Siwaletei."

"Dada Zeenat, sisi tulikuwa tunamnunua yeye. Unalijua hilo."

"Nalijua. Hata mimi nilimnunua yeye."

Simu ya pili ilikuwa kwa Richard, mkuu wa wabia, Dar es Salaam. Huyu alifoka. Alimuuliza kama ana akili timamu. Alimkumbusha kampuni zilizokufa, moja baada ya nyingine, kwa majina. Mwishoni sauti yake ikatulia, na hapo ndipo Zeenat alipoogopa.

"Sikiliza," Richard alisema. "Kampuni hatuifungi. Umetunyima mnunuzi, basi wewe mwenyewe utakaa kwenye kile kiti. Utaiendesha mpaka mnunuzi mwingine apatikane. Mpaka hapo hutawekeza senti mahali popote. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Na hisa za kijana zinarudi. Mkataba uliuandika wewe."

Alishuka amelowa chapachapa. Elinami alisimama kumpokea. Zeenat alitoa mkataba mkobani, akauchana vipande, akamweleza yote, hata lile la hisa. Alitarajia kuona ahueni usoni mwake. Badala yake Elinami alishtuka.

"Na Sinyati? Na wenzangu?"

"Wapo. Nitakaa mimi ofisini."

"Wewe?" Alimtazama kwa hofu halisi. "Dada, hujui ilivyo kule. Hujui."

"Nitajua."

Elieshi alisimama mlangoni akisikiliza. Polepole akaelewa kwamba mwanawe hana tena kazi wala hisa. Uso wake ukakunjamana. Akaingia ndani bila neno, na mpaka barabara ilipopitika hakumshika Zeenat mkono tena. Elinami alivua viatu jioni ile akalala, akalala mpaka siku ya pili mchana.

Zeenat aliingia ofisi ya Themi Jumatatu. Alidhani anaijua kazi ile, kwa kuwa alikuwa ameitazama miaka mingi akiwa kwenye kiti cha pembeni. Sinyati alimfundisha kwa uvumilivu: mteja gani hupiga kelele, mteja gani hunyamaza akahama. Masika yakaisha, baridi ya Juni ikashuka kutoka Meru, msimu wa kusafirisha ukashika kasi. Aliwatafuta wanunuzi, kila mmoja aliuliza mwanzilishi yuko wapi, na kila mmoja akaaga. Vijana walimwandikia kuomba awekeze kwenye mifumo yao, mingine mizuri kweli, akawajibu kwamba kwa sasa hawezi. Alipigania Elinami abakiziwe angalau nusu ya hisa zake. Wabia wakakataa.

Mwezi wa tisa Elinami alikuja mjini. Hakupanda ofisini. Alimtumia Sinyati ujumbe, na Zeenat akashuka kumkuta kwenye mgahawa ulio ng'ambo ya barabara. Alikuwa amenenepa kidogo. Alifundisha kompyuta kwa muda katika chuo kimoja, alisema, madarasa machache tu. Kijijini wengine walisema amefukuzwa, wengine kwamba ameiba, na yeye hakuwajibu.

"Mama anakusalimia," alisema. Kisha, kwa kuwa hakuzoea kudanganya: "Hapana, hajakusalimia. Lakini atakusalimia siku moja."

"Mwambie namshukuru kwa loshoro."

Walikunywa chai. Elinami hakuuliza chochote kuhusu mfumo, na Zeenat aliona jinsi alivyokaa akiligeuzia mgongo jengo la ofisi. Alipomaliza kikombe aliuliza, "Utakaa pale mpaka lini, dada?"

"Mpaka apatikane wa kununua."

"Na asipopatikana?"

Mhudumu alikuja kuchukua vikombe. Elinami akalipa kabla Zeenat hajafungua mkoba, akasimama, akainamisha kichwa kama anavyoinamisha mbele ya wakubwa wake.

"Pole, dada," alisema.

"Asante, mdogo wangu."

Zeenat alimsindikiza kwa macho mpaka alipokata kona, kisha akavuka barabara, akapanda ngazi za ofisi.