Ngozi ya Mwani

Ndege ilileta sanduku, haikumleta daktari mpasuaji. Kiti chake kilichukuliwa na mkubwa fulani, daktari angekuja kesho. Kaku Mwadi akabaki uwanjani Kindu, amelipakata sanduku kama mtoto mchanga.

Ndani mlikuwa na ngozi ya Rémy, mjukuu wake. Huko Kinshasa walikata kipande kidogo pajani mwake, wakakuza chembe zake hai, wakazichanganya na ute wa mwani wa baharini, kisha mashine ikaichapa ngozi tabaka juu ya tabaka. Rémy aliungua wakati wa vita, nyumba ilipochomwa, angali ananyonya. Kovu la shingo lilikivuta kidevu mpaka kifuani. Sasa ni fundi wa nyumba, na hawezi kutazama paa analolijenga!

"Ikae penye baridi, Kaku," alisema Dokta Cédric wa hospitali, "ila isigande. Ikiganda, chembe zinakufa. Sisi umeme hatuna."

Kaku akazunguka mji. Friji hii imeharibika, ile imegeuzwa kabati la nguo. Mwishowe akafika kwa Josiane, muuza samaki wa barafu, mwenye friza ya umeme wa jua.

"Leta, dada! Nitaiweka juu kabisa, na kifuniko wazi kidogo."

"Isigande, Josiane."

"Nimesikia."

Asubuhi daktari mpasuaji alifika kwa Josiane pamoja na Kaku na Rémy, akafungua sanduku, akagusa. Ngozi ngumu kama jiwe. Akatikisa kichwa.

"Niliigusa jioni, iko inalainika," Josiane alilia. "Kwangu samaki ikilainika njo imeoza. Nikaogopa, nikaishusha chini, kwenye barafu."

Kaku Mwadi alifungua kinywa. Maneno makali yalikuwa tayari ulimini. Lakini mgongo ule wa Josiane ndio uliombeba Rémy akivuja maji ya vidonda vya moto, ukamvusha mto kwa mtumbwi, risasi zikilia nyuma. Hasira ikakosa mlango wa kutokea.

"Mama Josiane," Rémy alisema, macho chini kama kawaida, "umenigandisha. Sasa usiniuze kwa fungu."

Hakuna aliyecheka.

"Kateni kwangu," Josiane alisema.

"Lazima iwe yake," daktari alijibu. "Tunaanza upya."

Rémy akapandisha suruali kwenye paja la pili. Kaku Mwadi akashika pindo la kitenge chake, akamfuta Josiane machozi, kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika.