Taa Nyekundu kwenye Bampa

Zenia Hrycak alikuwa amelala chali kwenye theluji, kichwa chini ya bampa ya pikapu yake ya dizeli, miguu nje, na alikuwa akiimba. Ijumaa hiyo baridi ilikuwa digrii kumi na nane tu chini ya sifuri, siku ambayo watu wa Saskatchewan, kule Kanada, hufungua zipu ya koti na kusema leo kuna afadhali.

"Umeshatoboa tundu kwenye bampa iliyokuwa nzima kabisa," alisema Orest, mumewe, akiwa amesimama barazani na kikombe cha kahawa. "Utaliharibu gari la watu."

"La watu gani? Ni langu! Niletee zile kamba za plastiki, halafu ufunge mdomo usiingiwe na baridi."

Orest alicheka, akazileta. Zenia akaufunga waya mbali na feni na mbali na bomba la moshi, akapaka grisi kwenye vyuma vya soketi, akakaza skrubu nne. Kwa miaka kumi na minne plagi ya hita ya injini, ile inayoipasha moto isigome kuwaka kwenye baridi, ilikuwa imejificha ndani kabisa, nyuma ya rejeta. Kila alipotaka kuichomeka alipiga magoti kwenye theluji na kuingiza mkono mpaka begani, na bega lenyewe lilikuwa la mwanamke wa miaka sitini na miwili. Sasa soketi ilikuwa hapo mbele, nje, na kifuniko chake cha springi. Juu ya kifuniko palikuwa na kitaa chekundu, saizi ya punje ya mahindi, cha kuonyesha kwamba umeme unafika.

Giza lilikuwa limeanza kuingia na taa ya barazani inawaka alipochomeka kujaribu. Kitaa kikawaka. Zenia akapiga kelele mpaka mbwa akatoka bandani kuja kuona kuna nini.

Mtu asidhani furaha hiyo yote ilikuwa ya soketi. Mwaka jana timu yake ya mchezo wa kutelezesha mawe barafuni, wanawake wanne, yeye akiwa nahodha, ilifika fainali. Wote wanne husafiri kwa pikapu hiyo. Siku ya fainali pikapu ikakohoa mara mbili, ikanyamaza, na wapinzani wakabeba kombe bila kutelezesha hata jiwe moja. Orest akamweleza kila mtu pale dukani kwamba mkewe alisahau kuchomeka hita. Tangu hapo ikawa ndiyo salamu anayopewa Zenia. "Zenia, umechomeka?" Waliuliza dukani, waliuliza benki, hata padri aliuliza mlangoni pa kanisa. Yeye aliapa kwamba alichomeka. Aliapa na kuapa, mpaka mwenyewe akaanza kujitilia shaka, na hilo ndilo lililomuuma kuliko kombe.

Na kesho ilikuwa fainali tena, saa tisa alasiri, na wapinzani walikuwa wale wale.

Jumamosi kulikucha na digrii thelathini na saba chini ya sifuri. Saa tatu asubuhi Zenia akatoka, akainua kifuniko na kusukuma plagi ya waya unaotoka kwenye soketi ya ukutani nje. Sekunde tano! Kitaa kikawaka, naye akarudi ndani akijipongeza kwa sauti. Safari ilikuwa saa saba na nusu. Injini ingepata muda wa kutosha na chenji ikabaki.

Saa tano alikuwa dirishani pa jikoni akibana kingo za piroge, vile vitumbua vya unga vyenye viazi ndani, za kula njiani, moyo tayari uko uwanjani. Pikapu ilikuwa imeelekezwa nyumbani, bampa kwenye kivuli cha ukuta. Akainua macho aitazame tena kazi yake.

Kitaa kilikuwa kimezimika.

Alitoka na unga mikononi, bila kofia. Akachomoa, akachomeka. Hakuna kitu. Akaichomeka taa yake ya kazi kwenye ule waya wa ukutani, nayo haikuwaka. Kwa hiyo soketi yake ilikuwa nzima na umeme ndio haukuwepo. Akarudi ndani kwa kishindo.

"Orest! Umegusa nini?"

"Mimi? Sijagusa kitu," alisema mumewe, buti zake bado zina majani ya ng'ombe. "Nimerudi saa nne kutoka kulisha, nimekaa hapa nasoma gazeti."

"Kitu chochote. Fikiri."

"Nimezima taa ya nje tu. Ilikuwa inawaka mchana kweupe, bure. Si huwa naizima kila..."

Hakumaliza. Zenia alikwenda mlangoni akabonyeza swichi. Taa ya barazani ikawaka, na kule nje, kwenye bampa, punje nyekundu ikawaka nayo.

Walitazamana. Marehemu baba yake Orest ndiye aliyeunganisha nyaya za nyumba ile, taa ya barazani na soketi ya nje kwenye swichi moja, na kwa miaka thelathini wao wawili walikuwa wakichomeka magari usiku, taa ikiwa imewashwa. Kabla ya leo, mchana walichomeka mara moja tu, siku ile ya fainali ya mwaka jana.

"Ulikuwa umechomeka, nikazima mimi," alisema Orest polepole.

"Nilikuwa nimechomeka!" Zenia alilia na kucheka kwa pamoja. "Nilikuwa nimechomeka, Orest! Na mwaka mzima mmenicheka!"

Akaibandika swichi utepe wa gundi, safu tatu, isizimwe tena. Zilibaki saa mbili na nusu. Hakuna aliyekaa. Saa saba na nusu akapanda, akageuza ufunguo, akasubiri, akageuza tena. Injini ikanguruma mara moja, nzito, bila kukohoa, na Zenia akaupiga usukani kwa ngumi zote mbili.

Orest akachomoa waya, akauviringisha vizuri, akaufunga mlango wa nyumba. Kisha akaja kugonga kioo, amevaa koti lake la kanisani.

"Nafasi ipo?"

"Nikiwapitia wenzangu tutakuwa wanne, na mawigi ya kuvaa tukishinda." Alikuwa bado anacheka. "Wewe hujawahi kuja kutuangalia hata siku moja. Unakwenda kufanya nini?"

"Watu wote watakuwepo, hata padri," alisema Orest, akiangalia buti zake. "Nakwenda kuwaambia."

Zenia akaliondoa bakuli la piroge kwenye kiti cha pembeni, na Orest alipoketi akampa alipakate.