Upande wa Kushoto

Giaboksi ya lori la maji ilipokufa, dereva wake hakuwa na la kufanya ila kupanda baiskeli ya mkewe kwenda yadi. Siku tatu za kwanza alinuna kama aliyevuliwa cheo. Mtu wa matairi kumi kuchochea pedali! Watoto wa mtaani walimpigia makofi. Siku ya nne akaanza kufurahia, ingawa hakumwambia mtu.

Kumbe miaka ishirini na miwili alikuwa akipita mtaani bila kuusikia. Sasa alisikia cherehani za fundi nguo, akanusa mkate ukitoka tanurini, akaitikia salamu kumi kabla ya kufika kwenye taa za barabarani. Goti lililokuwa likimlalamikia kila akikanyaga klachi likanyamaza. Akawa anaondoka nyumbani mapema bila sababu, hadi mkewe akamtania, "Huko yadi umeoa?"

Ila raha ilikuja na hofu. Vitu vilianza kumzukia upande wa kushoto. Mbuzi. Nguzo. Bibi mmoja mwenye ndoo, ambaye nusura amgonge, akamtukana mpaka mwisho wa barabara. Mara ya kwanza alilaumu mbuzi, mara ya pili akalaumu njia. Mara ya tatu, akisubiri taa, akaziba jicho la kulia kwa kiganja. Magari yalinguruma mbele yake naye hakuona hata moja. Siku zote jicho zima lilikuwa likimbebea mwenzake mzigo.

Hakusema. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakuwahi kuendesha lori. Akisema, usukani umekwenda, na kazi nyingine hakuijua. Akinyamaza, iko siku ataua mtu. Alilala na hofu hiyo akaamka nayo, na bado kila asubuhi baiskeli ilimfurahisha, jambo lililomtia aibu.

Siku lori lilipopona, msimamizi akamrushia funguo. Utingo wake, ambaye pia ni kaka wa mkewe, alikuwa amekwishasimama nje, kushoto. Ndivyo walivyozoea: utingo akague njia, apige bodi mara mbili, ndipo gari liondoke.

"Shemeji, umekonda! Hiyo baiskeli itatuachia mjane!"

Dereva akacheka, akapanda, akawasha injini. Akasikia bodi ikipigwa, moja, mbili. Akatazama kioo cha kushoto, hakuona mtu. Akaweka gia, akaachia breki.

"We! We! Simama!"

Utingo alikuwa amekumbuka jiwe lililozuia gurudumu, akarudi kuliondoa. Alikuwa wazi kabisa kwenye kioo. Mwenye macho mawili angemwona. Dereva akazima injini, akashuka.

"Sikukuona," akasema. "Jicho la kushoto limekufa."

Msimamizi akanyoosha mkono, akachukua funguo. Utingo alikuwa bado na jiwe mkononi, na safari hii hakutania.

"Tangu lini?"

"Sijui."

"Mwaka jana, kwenye kona ya kiwanda cha sabuni, tuligonga kitu kushoto. Nilikuwa nimesinzia. Ukaniambia ni shimo."

"Lilikuwa shimo."

Lakini shimo lenyewe hakuliona. Alisikia kishindo tu, akaendelea na safari kwa kuwa watu walikuwa wakisubiri maji.

Alipotoka kazini hakwenda nyumbani. Alichochea pedali hadi kwenye kona ile, akapita polepole, akikagua lami hatua kwa hatua. Hapakuwa na shimo, wala kiraka cha shimo lililozibwa. Mama aliyekuwa akiuza karanga kwenye meza ndogo akamwita, maana mwenye baiskeli hakosi wa kumkaribisha.

"Umepoteza nini, baba?"

Akasimama, mguu mmoja chini. "Mwaka jana... kuna mtu aligongwa hapa?"

"Mume wangu," mama akasema. "Meza hii ilikuwa yake. Yuko nyumbani sasa, hatembei tena. Lori lenyewe wala halikusimama." Akamtazama vizuri. "Kwani nani kakuambia?"

Mguu wake mmoja ulikuwa bado kwenye pedali, na njia mbele ilikuwa nyeupe. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Akashuka, akaiegemeza baiskeli ukutani.

"Mama," akasema, "dereva ni mimi."