Kicheko Dirishani

Mimi sikumwomba Roble anipige picha. Alikuwa na studio yake pale Majengo, Meru, lakini badala ya kungoja wateja alizurura na kamera akitafuta uzuri, kana kwamba mwaka ule wa 1955 uzuri ulikuwa umedondoka mahali. Alipiga picha foleni ya maji, nyama iliyotundikwa, leso zilizoanikwa kambani. Kisha aliketi na brashi akazipaka picha hizo rangi. Na alijisifu kwa kila mtu, hata kwa maafisa, kwamba yeye hampangi mtu, anachukua kilichopo.

Asubuhi moja nilikuwa nikiuza ndizi wakati mbuzi wa Billow, mwenye bucha, alipoing'ang'ania kanzu yake kwa meno na kumburuta mbele ya msikiti. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Roble akanipata hapo hapo. Wiki iliyofuata nilikuwa dirishani mwa studio, kitambaa cha manjano kichwani, meno yote nje. Nisiseme uongo, nilipendeza. Nilikuwa nikipitia njia ile makusudi ili nijitazame.

Kinoti naye alinitazama. Alikuwa homgadi, askari wa serikali aliyevunja mlango wa yeyote aliyemtaka. Alijua mume wangu, Ngari, yuko kizuizini kwa kushukiwa kuwasaidia wapiganaji wa msituni, na kwamba mimi ni mtu wa Embu, nimekaa Meru kwa kibali tu. Kibali kikiondolewa, ni kurudishwa Embu, kwenye kijiji cha serikali kilichozungushiwa handaki, kuchimba barabara bila malipo.

Akanipeleka kwa afisa mzungu, picha mkononi.

"Mwanamke mwenye bwana kizuizini anacheka nini?" afisa akauliza kupitia mkalimani. "Nani amekuletea habari ya msitu?"

Nikawaambia ni mbuzi. Hata mkalimani aliona aibu kulitafsiri jibu hilo. Roble, Mungu amlipe, alikuja mbio akaapa kwamba yeye ndiye aliyeniambia nicheke ili picha ipendeze. Afisa akamkumbusha majigambo yake mwenyewe, kisha akakichana kibali changu.

Kabla ya lori la Embu, walitaka picha ya kipande kipya, kitambulisho cha kutembea nacho. Roble akaniketisha mbele ya shuka jeupe. Akaniambia kwa sauti ya chini nitazame mbele, nisicheke.

"Hiyo huna haja ya kuniambia, Mzee Roble," nikamjibu.